Sauti Chini ya Bwawa

Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi moja refu lililoegemea ukuta wa duka la kinyozi, pale njia ya vumbi inapokutana na barabara ya lami. Mguu mmoja wa benchi ulikuwa mfupi, umewekewa kipande cha kigae, kwa hiyo aliyekaa upande ule alijifunza kucheka kwa adabu. Kila asubuhi walikaa wale wale. Kinyozi mwenyewe, ambaye dukani kukikosa mteja huhamia benchi na mkasi wake mkononi. Meneja, mzee aliyestaafu ukarani wa posta na ambaye maishani hajawahi kumsimamia mtu yeyote. Jina alilipata kwa namna anavyoagiza kahawa. Na Kiboko, dereva wa boza la maji, mtu wa miraba minne, anaishi kwa maji na akikaa benchi wenzake husogea bila kuombwa. Kahawa waliuziwa na Mama Birika, anayesikia yote na kuchangia machache.

Wa tano alikuwa Kiraka. Kazi yake ni mabwawa ya kuogelea, yale ambayo ndani hayana vigae bali yametandikwa plastiki nene ya buluu kuanzia ukingoni hadi sakafuni. Mafundi huiita ngozi. Kiraka huisugua ikiota utelezi, huiziba ikitoboka, na ikichoka kabisa huivua na kutandika mpya. Kwa kawaida ni mtu wa maneno mengi na mizaha. Siku hiyo alifika saa tatu asubuhi, suruali imelowa matope mpaka magotini, nondo ndefu mkononi, akaketi bila salamu.

— Leo umeoga na nguo? Kiboko akamuuliza.

Mama Birika akammiminia Kiraka kikombe. Alikipokea kwa mikono miwili, na bado kahawa ikamwagikia vidoleni.

— Ningekuwa na mikono ya kutetemeka hivyo mimi, akasema Kinyozi, mtaa huu usingebaki na mtu mwenye masikio mawili.

— Natoka kwa baba mkwe, akasema Kiraka.

— Hapo sasa tumeelewa, akasema Kiboko, na benchi zima likacheka.

Hapakuwa na asiyejua kwamba Kiraka alimwogopa baba mkwe wake kuliko kitu chochote. Mzee yule ndiye mwenye nyumba ya wageni kule mwisho wa njia, yenye geti jeupe na bwawa uani. Alimpa Kiraka binti yake, kisha akampa bwawa alitunze, na mara nyingi alizungumza kana kwamba la pili ndilo zawadi kubwa.

— Bwawa bado linapoteza maji? akauliza Meneja.

— Lilikuwa linapoteza. Sasa halina hata tone. Nimelikausha jana, nivue ngozi ya zamani.

— Si uliziba lakini?

— Mara tatu.

Akawaeleza, ingawa walishasikia nusu ya habari ile. Tangu mwanzo wa mwaka maji yalikuwa yakishuka vidole vitatu kwa siku. Mara ya kwanza alizama na bomba la sindano lililojaa wino, akaunyunyiza polepole kandokando ya maungio, akausubiri. Mahali pazima wino huelea tu kama moshi. Mahali palipotoboka hunyonywa, unauona unaingia kama uzi kwenye tundu la sindano. Alipapata, akakata kiraka cha duara, akakipaka gundi, akakibandika humo humo majini, akakikanda kutoka katikati kwenda nje mpaka povu lote likatoka. Mwezi uliofuata maji yakashuka tena. Akaziba pengine. Yakashuka tena.

— Mara ya tatu nikamwambia mzee, hili bwawa lina jambo. Akaniambia ongeza maji tu, wageni hawaji kupima vidole.

— Na maji yenyewe niliyaleta mimi, akasema Kiboko kwa majivuno. Kila Jumatatu, boza zima. Miezi saba.

— Maji yote hayo yalikuwa yanakwenda wapi? akauliza Mama Birika.

Swali lile lilitosha kuamsha benchi.

— Jua, akasema Kiboko. Bwawa ni sufuria isiyo na mfuniko. Jua linakunywa. Na wageni nao wanakunywa. Umeona mtu mzima anavyotoka bwawani? Tumbo limejaa.

— Jua halinywi vidole vitatu, akasema Meneja. Mimi niliwahi kuiona ramani ya zamani pale posta. Chini ya mtaa huu ulipita mto. Wakaufukia, wakajenga juu yake. Mto ule haukufa, umelala. Sasa umesikia harufu ya maji umeamka, unavuta.

— Mto gani wewe, akasema Kinyozi. Babu yangu alisema pale palikuwa makaburini.

— Kinyozi, babu yako alikuja mtaa huu akiwa na miaka sitini, anamkimbia mkewe, akasema Meneja.

— Alikuja, lakini alikuwa anauliza watu. Makaburi tena ya zamani, hayana hata alama. Na wewe fikiria, mtu umelala chini miaka mia, koo limekauka, halafu ghafla juu yako kunaletwa boza zima kila Jumatatu.

— Unasema mimi nawauzia maiti maji? akasema Kiboko.

— Mimi sisemi. Nasema kiu ni kiu.

Walicheka tena. Kiraka hakucheka. Alikuwa ameinamia kikombe, na kwa wenzake ilionekana anaangalia kahawa, lakini yeye alikuwa anaona tu kile alichokiona asubuhi.

— Sakafu imebonyea, akasema.

Wakamgeukia.

— Nimeshuka leo upande wa kina kirefu nianze kuchana ngozi. Nikakanyaga, mguu ukazama. Kama nimekanyaga godoro. Nikasema labda ni maji yamebaki chini yake. Nikachana kwa kisu. Chini ya ngozi kuna tabaka la mchanga na saruji, lile linalosawazishwa kabla ya kutandika. Limevunjika kama biskuti. Na chini yake hamna kitu.

— Hamna kitu vipi?

— Shimo. Mdomo wake kama beseni.

— Ukafanyaje?

— Nikachomeka hii nondo.

— Ikagota wapi? akauliza Kinyozi.

— Haikugota.

Wote wakaitazama nondo iliyoegemezwa ukutani. Ilikuwa na urefu wa kumzidi mtu. Matope yalikuwa yameipaka kutoka ncha ya chini kupanda juu mpaka mahali palipobaki shubiri moja tu safi, pale Kiraka alipoishika.

— Yote hiyo imeingia chini? Kiboko akauliza, na majivuno yote yamemtoka sautini.

— Haikwenda chini. Ilikwenda upande. Upande wa ukuta wa nyuma wa bwawa.

Meneja akaweka kikombe chake chini taratibu, kama anayeogopa kuamsha mtu.

— Basi si mto, akasema. Hilo ni pango. Maji yako ya Jumatatu, Kiboko, yamekula udongo miezi saba, yamefungua njia. Na pango likishaanza halina adabu, linatambaa popote. Litakuwa limeshapita njia nzima. Hapa tulipo tumekaa juu ya ganda la yai.

Lori la matofali lilikuwa linapita kwenye lami, na benchi likatetemeka, na kila mmoja akajikuta ameshika ubao kwa vidole vyote. Lori likapita. Wakaachia ubao mmoja mmoja, wakijifanya walikuwa wanajikuna.

— Boza lako likijaa lina uzito gani? Kinyozi akamuuliza Kiboko kwa upole.

Boza lilikuwa limeegeshwa hatua kumi kutoka benchi, limejaa, linadondosha maji nyuma, tone baada ya tone. Kiboko alilitazama muda mrefu.

— Tani kumi, akasema. Na ushee.

— Si ulisogeze?

— Nikiwasha litatikisika.

Kinyozi akaufunga mkasi, akautia mfukoni.

— Mzee anasemaje? Mama Birika akamuuliza Kiraka.

— Kasema nimwage mchanga nisawazishe, nitandike ngozi mpya leo leo. Jumamosi ana wageni wa harusi, vyumba vyote vimeshachukuliwa. Na nifunge mdomo. Kasema hakunipa binti yake ili niende kumfukuzia wateja.

— Basi mwaga mchanga, akasema Kinyozi.

— Nimemwaga toroli kumi na moja. Shimo bado liko wazi.

Wakati huo alikuwa amefika mwanamke mmoja mgeni, amebeba kichwa cha cherehani ndani ya beseni, kimefunikwa kitambaa. Alikitua chini, akaomba nafasi na kahawa, akakaa upande wa mguu mfupi. Wakampisha bila kumtazama. Kiraka alikuwa ananyanyua uso, na uso ule haukuwa wa mtu aliyemaliza habari yake.

— Kuna kingine, akasema.

— Sema.

— Mtanicheka.

— Nani ana kicheko hapa? akasema Kiboko.

Kiraka akasogeza kikombe pembeni.

— Nililala kifudifudi pale sakafuni mwa bwawa, karibu na ukuta wa nyuma. Nikatia sikio shimoni nisikie kama kuna maji yanatembea. Maji sikuyasikia. Nikasikia kiti kinavutwa.

— Kiti?

— Miguu ya kiti kwenye sakafu. Krrr. Kinanyamaza. Halafu krrr tena. Karibu kabisa. Kama uko chumba cha pili na mlango uko wazi.

Kinyozi akasema kwa sauti ya chini:

— Niliwaambia mimi. Makaburi.

— Maiti anataka kiti cha nini? akasema Meneja, ingawa naye alikuwa amejikunyata. Hao ni wezi. Wanachimba handaki kwenda kwenye ile benki ya kona. Wana taa, wana viti, wanafanya kazi kwa zamu. Nilisoma habari kama hiyo gazetini. Walichimba mwaka mzima, na waliokuwa juu wanakunywa chai.

— Wezi wangepiga kelele za sululu, akasema Kiboko. Huyo ni mnyama. Chatu akijivuta kwenye mawe anatoa mlio huo huo. Chatu mkubwa, kakaa na maji yangu miezi saba, kanenepa.

— Chatu ana miguu minne ya kiti?

— Wewe ulimwona?

Wakaendelea hivyo, kila mmoja anaongeza chumvi yake, na Kiraka aliwasikiliza wote kama mgonjwa anayesikiliza waganga. Aliwataka waendelee. Likiwa kaburi, kazi ni ya watu wa dini. Wakiwa wezi, kazi ni ya polisi. Akiwa chatu, atatafutwa mwenye bunduki. Kila walipotaja kitu cha kutisha zaidi, yeye alipata nafuu kidogo, kwa kuwa kitu hicho hakikumhusu. Kitu alichokuwa anakijua tangu alipotoa sikio lake shimoni hakikuwa kimetajwa bado, na aliomba kimoyomoyo kisitajwe.

Mgeni wa cherehani alikuwa anapuliza kahawa yake.

— Samahani, akasema. Nyuma ya huo ukuta wa bwawa kuna nini?

— Vyumba vya kupanga, akajibu Mama Birika. Sita, vimepangana.

— Vina watu?

— Vimejaa.

— Na hao watu mmeshawaambia?

Kinyozi alimtazama Meneja. Meneja alimtazama Kiboko. Kiboko aliangalia boza lake. Hakuna aliyemtazama Kiraka, na hilo lilimuuma kuliko kama wangemkodolea macho wote. Yule mwanamke alisubiri jibu, kwa heshima, kama mtu aliyeuliza njia. Alipoona halipatikani akamaliza kahawa yake, akajitwika beseni, akaaga, akaenda zake.

Simu ya Kiraka ikaanza kuita mfukoni. Hakuitoa. Alijua ni nani na alijua atakachoambiwa. Alimfikiria mkewe, na namna atakavyosimama katikati ya mumewe na baba yake jioni ya leo, na nyingine, na nyingine. Simu ikanyamaza. Ikaanza tena. Akasimama, akachukua nondo yake.

Akashika njia ya vumbi. Aliposikia hatua nzito nyuma yake akageuka.

— Maji niliyaleta mimi, akasema Kiboko. Twende.

Vyumba vile sita vilikuwa na baraza moja nyembamba, milango yote inatazama njia. Ndoo, majiko, nguo kwenye kamba. Chumba cha kwanza walimkuta kijana wa zamu ya usiku amelala; Kiboko akamwamsha. Cha pili mama mmoja anakunja nguo, cha tatu mtu na mkewe wanakunywa chai. Kiraka aliwaambia kwa maneno mafupi: maji ya bwawa yamekula udongo chini ya nyumba, tokeni, chukueni mlivyonavyo, msikanyage kwa nguvu. Walidhani amelewa. Kisha wakayaona matope kwenye nondo, na uso wake, wakaanza kutoka.

Mlango wa nne ulikuwa umerudishwa tu. Kabla hajabisha, akasikia.

Krrr.

Kiraka alibaki na ngumi hewani. Krrr tena, na mlango ukafunguka. Alikuwa bibi mmoja mwembamba mwenye miguu iliyokakamaa. Mbele yake alikuwa ameshika mgongo wa kiti cha mbao. Alikisukuma shubiri moja, akaegemea, akajivuta, akakisukuma tena. Ndivyo alivyotembea humo ndani, kutoka kitandani mpaka jikoni, kutoka jikoni mpaka mlangoni, mchana kutwa.

— Shikamoo bibi.

— Marahaba mwanangu. Nani wewe?

— Mimi ndiye fundi wa bwawa la hapo nyuma.

— Karibu ndani.

Kiraka akaingiza mguu mmoja kumsaidia. Kisigino chake kilipogusa sakafu, sakafu ikalia. Sauti nene, tupu, ya ngoma. Alisimama hivyo, mguu mmoja ndani na mmoja nje, asithubutu kuegemea wowote.

— Bibi, achia kiti. Nishike shingoni.

— Kuna nini?

— Nitakwambia nje. Nishike shingoni, nakuomba.

Bibi alimtazama, akaachia kiti. Alikuwa mwepesi kama tita la kuni kavu. Kiraka alirudi kinyumenyume, hatua mbili tu, na hatua hizo zilikuwa ndefu kuliko safari zote alizowahi kwenda. Kiboko alimpokea bibi barazani, akambeba mpaka ng'ambo ya njia, akamkalisha juu ya godoro la kijana wa chumba cha kwanza.

— Kiti changu, akasema bibi. Bila kiti mimi siendi popote.

— Kiache, Kiboko akamwambia Kiraka. Nitamnunulia kingine.

Lakini Kiraka alikuwa ameshalala kifudifudi barazani. Akaipitisha nondo mlangoni, akaisukuma polepole mpaka ncha ikapita kati ya miguu ya kiti, akavuta. Kiti kikaanguka ubavu. Chokaa kidogo ikadondoka ukutani. Akavuta tena, huku shavu lake limelala kwenye saruji na chini ya shavu akisikia kitu kinamung'unyika, mchanga unaoondoka kidogo kidogo kwenda mahali pasipo na mwisho. Kiti kikafika. Akakinyakua akakimbia.

Watu wa vyumba vya tano na sita walikuwa wametoka kwa kusikia zogo. Walikaa ng'ambo ya njia na magodoro na masufuria yao, wakiitazama nyumba isiyo na tofauti yoyote na ya jana. Nusu saa ikapita. Wengine walianza kunung'unika. Baba mkwe akaja na kanzu yake, fimbo mkononi, amejiandaa kwa maneno, na alipofika mbele ya Kiraka akafungua mdomo.

Chumba cha nne kikadidimia. Hakikupiga kelele kubwa. Ilikuwa kama mtu ametua gunia la mchele kwenye chumba kingine. Vumbi likatoka mlangoni polepole, kisha dirishani, na lilipotulia waliona mlango umesimama kwenye fremu yake, na nyuma ya mlango hapakuwa na sakafu wala kitanda wala jiko.

Baba mkwe alifunga mdomo. Alikwenda mpaka kwenye ukingo wa baraza akachungulia, akarudi, akaketi kwenye godoro la mtu asiyemjua. Mama wa chumba cha pili alimletea maji kwenye kikombe cha plastiki. Aliyashika tu.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mikono imelala mapajani. Alimwita Kiraka kwa kidole. Kiraka akaenda, akachuchumaa.

— Mwanangu, kazi hii ya kuziba unaifanya tangu lini?

— Mwaka wa tisa huu, bibi.

— Mabwawa mangapi?

Kiraka alianza kuhesabu kimoyomoyo. Lile la hosteli. Lile la daktari, lililoshikana na shule ya chekechea. Yale mawili ya kilimani. Vidole vilikwisha akarudia vidole, na mahali fulani katikati akapoteza hesabu, na baridi ikamwingia mpaka kwenye mifupa, saa tano ya mchana, jua limewaka.

— Sijui, akasema.

Nyuma yake Kiboko alikuwa amesimama na funguo za boza mkononi. Alizungumza taratibu, kama mtu anayesoma orodha aliyoibeba muda mrefu bila kujua anaibeba.

— Daktari ananiita kila Alhamisi, akasema. Hosteli mara mbili kwa wiki.

Kiraka akasimama, akaifuta nondo kwenye suruali.

— Tuanzie kwa daktari, akasema.